Fedha za Daftari na Fedha za Mfukoni

Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo na wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, siku kikundi kilipokutana kuamua matumizi ya fedha za sanduku.



Nimeombwa nizungumze nanyi leo kabla hamjapiga kura. Jambo lenyewe mnalijua. Katika sanduku la kikundi zimo Sh. 3,600,000. Wanachama mko 24, na kila mmoja ameweka Sh. 150,000. Fedha hizo mliziweka kwa ajili ya mbolea na mbegu za msimu ujao. Sasa wako wenzetu wanaosema hivi: "Mbolea isubiri. Tununue hisa kwanza. Hisa zikipanda, tutauza, tutanunua mbolea, na faida itabaki."

Wazo hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Limetokana na mchezo niliouleta mimi mwenyewe darasani. Kwa hiyo nina deni kwenu, na leo nataka kulilipa.

MCHEZO WETU ULIKUWAJE?

Tukumbushane kwanza. Hisa ni kipande kidogo cha mali ya kampuni. Mwenye hisa ni mmoja wa wenye kampuni, hata kama kipande chake ni kidogo kama punje ya mtama. Kampuni ikipata faida inaweza kuwagawia wenye hisa sehemu ya faida hiyo. Malipo hayo huitwa gawio. Mwenye hisa akitaka kuuza kipande chake, hukiuza katika soko la hisa. Hapa Tanzania tunalo Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwezi wa Aprili, 1998. Huko hapana meza za nyanya wala mizani. Mnunuzi na muuzaji hukutanishwa na madalali wenye leseni.

Katika mchezo wetu kila mwanakisomo alipewa Sh. 200,000 za daftari. Nasema za daftari kwa sababu ziliandikwa tu, hazikushikwa na mtu. Kila Jumatano nilisoma bei za hisa, na kila mmoja aliandika amenunua nini na ameuza nini. Tulifanya hivyo kwa miezi mitatu. Mshindi alifikisha Sh. 262,000. Tulimpigia makofi, tukampa jembe. Aliyeshika mkia alibaki na Sh. 151,000. Tulimcheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Hebu tusimame hapo. Mtu amepoteza Sh. 49,000, naye anacheka! Je, kama zingekuwa shilingi za mfukoni mwake, angecheka? Hata kidogo. Kicheko kile ndicho somo letu la leo.

Mchezo wa namna hii si wetu peke yetu. Mwaka 2014 Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianzisha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, ambamo wanafunzi hununua na kuuza hisa kwa fedha za mfano. Soko la Hisa la Nairobi nalo limewahi kuwa na shindano kama hilo. Ni jambo jema. Mtu hujifunza maneno mapya, husoma bei, hufanya hesabu, huzoea kuweka daftari. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini wale mliopitia mgambo mnakumbuka bunduki za mti. Mlifundishwa kuzibeba, kulala nazo chini na kulenga. Mafunzo yale yalikuwa ya kweli. Bunduki haikuwa ya kweli. Hakuna mtu aliyeondoka kwenye kwata akasema: "Sasa naweza kwenda kuwinda nyati kwa sababu nimelenga vizuri kwa mti." Nyati hukimbia. Nyati hugeuka. Na mkono wa mwindaji hutetemeka.

Basi tuone tofauti zilizopo. Nimezihesabu tano.

TOFAUTI YA KWANZA: MOYO

Fedha za daftari hazina uchungu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu wa shilingi aujuaye aliyeitolea jasho.

Hapa nitasema habari zangu. Miaka ya nyuma, katika semina ya walimu, tulicheza mchezo huu na mimi nikawa wa kwanza. Kanuni yangu ilikuwa moja: bei ikishuka, sitishiki, nasubiri. Niliporudi nyumbani nilichukua Sh. 400,000 za akiba yangu, nikanunua hisa za kweli za kampuni moja. Kampuni sitaitaja, maana kosa halikuwa lake.

Bei ikashuka. Katika semina ningesema, "Nasubiri." Lakini sasa sikupata usingizi. Nilikuwa naangalia bei asubuhi, mchana na usiku. Mke wangu akauliza, "Baba Asha, mbona hutulii?" Nikasema ni kazi za ofisini. Halafu ada ya shule ya mtoto ikafika. Nikauza hisa zangu, nikapata Sh. 310,000. Nimepoteza Sh. 90,000. Miezi sita baadaye bei ilikuwa imerudi na kupita pale niliponunulia.

Akili yangu ilikuwa ile ile ya semina, na kanuni ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba fedha zilikuwa zangu, na zilikuwa na kazi nyingine inayozisubiri.

TOFAUTI YA PILI: ZAWADI YA MSHINDI

Katika shindano anayetafutwa ni wa kwanza. Wa pili hapati jembe, na wa 24 hapati jembe. Wote wawili wako sawa. Kwa hiyo mchezaji mwerevu hufanya nini? Huweka fedha zote kwenye hisa moja. Zikipanda sana, jembe ni lake. Zikianguka, hapotezi kitu.

Mshindi wetu alifanya hivyo hivyo. Aliweka zote pamoja. Na yule aliyeshika mkia? Naye aliweka zote pamoja, ila kwenye hisa nyingine. Tulimsifu mmoja na kumcheka mwingine, kumbe wamefanya jambo moja.

Tufanye jaribio. Watu 24 wasimame, kila mmoja arushe sarafu. Anayepata upande wa kichwa abaki amesimama, wengine wakae. Mara ya kwanza watabaki kama 12. Mara ya pili kama 6. Mara ya tatu kama 3. Mara ya nne mmoja au wawili. Huyo wa mwisho amepata kichwa mara nne mfululizo. Je, tumwite fundi wa kurusha sarafu? Tumpe sanduku la kikundi akarushe sarafu kwa niaba yetu?

Sisemi kwamba mshindi wetu hana akili. Nasema kwamba shindano moja la miezi mitatu haliwezi kutuonyesha kama alishinda kwa akili au kwa bahati.

Tena kumbukeni hesabu hii. Mwenye Sh. 200,000 akipoteza nusu, anabaki na Sh. 100,000. Ili arudi alipoanzia, hatoshi kupata faida ya nusu. Nusu ya Sh. 100,000 ni Sh. 50,000 tu, atakuwa na Sh. 150,000. Ni lazima fedha zake ziwe mara mbili. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda, kama mnavyojua ninyi mnaobeba maji kutoka bondeni.

TOFAUTI YA TATU: MNUNUZI YUKO WAPI?

Katika mchezo wetu, ukisema "Nauza," umeuza. Nilisoma bei ya Sh. 300, ukaandika Sh. 300, basi. Hukumtafuta mnunuzi.

Lakini ninyi mnauza nyanya. Redio ikitangaza kwamba debe la nyanya mjini ni bei fulani, je, ndiyo bei utakayolipwa hapa barabarani? Kama hakuna lori lililosimama, nyanya zako hazina bei.

Hisa ni hivyo hivyo. Ili uuze lazima awepo mtu anayetaka kununua, kwa bei hiyo, na kwa idadi hiyo. Soko letu bado ni dogo likilinganishwa na masoko ya nchi tajiri. Ziko hisa ambazo kwa siku nyingi hazipati mnunuzi hata mmoja. Unaweza kusoma bei ya Sh. 300, wewe una hisa 1,000, kumbe aliyepo anataka 100 tu, na kwa Sh. 290. Nyingine utangoja. Na ukishauza, fedha hazifiki mkononi siku ile ile. Zinapita siku kadhaa za kazi.

Sasa niulize: mvua ikianza mapema na tunataka mbolea Jumatatu, nani atatununulia hisa zetu Ijumaa?

TOFAUTI YA NNE: UJIRA WA DALALI

Katika mchezo wetu hatukumlipa dalali. Katika soko la kweli hulipwa, ukinunua na ukiuza pia. Tuchukue mfano wa darasani tu. Tuseme malipo yote ni shilingi 2 katika kila shilingi 100.

Unanunua hisa za Sh. 150,000. Unalipa na Sh. 3,000 juu yake. Umetoa Sh. 153,000.

Bei inapanda, unauza kwa Sh. 156,000. Unakatwa Sh. 3,120. Unapokea Sh. 152,880.

Daftari la mchezo linasema umepata faida ya Sh. 6,000. Mfuko wako unasema umepoteza Sh. 120. Na hapo nauli ya kwenda kwa dalali bado hatujaihesabu! Anayenunua na kuuza kila Jumatano, kama tulivyofanya katika mchezo, anamlisha dalali kabla ya watoto wake.

TOFAUTI YA TANO: MUDA

Mchezo una mwisho. Miezi mitatu ikiisha tunahesabu, tunapiga makofi, tunakwenda nyumbani. Soko halina kengele ya mwisho.

Nitatoa mfano wa kweli, unaojulikana na watu wote. Mwaka 2009 benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa wananchi kwa Sh. 150 kila moja. Mwaka 2015 bei sokoni ilikuwa imepita Sh. 350. Walionunua walifurahi. Baadaye bei ikaporomoka. Kufika mwaka 2020 hisa hiyo ilikuwa inauzwa chini ya Sh. 150, yaani chini ya bei ya mwanzo, baada ya zaidi ya miaka kumi! Kisha ikapanda tena, na mwaka 2022 ilipita Sh. 300.

Sasa tazameni. Mtu aliyenunua mwaka 2015 na kuuza mwaka 2020 alipata hasara kubwa. Aliyenunua mwaka 2020 na kuuza mwaka 2022 alipata faida kubwa. Aliyenunua mwaka 2009 na kukaa nazo tu, akipokea gawio lilipotolewa, naye hakujuta. Hisa ni ile ile, benki ni ile ile. Tofauti ni nani aliyeweza kungoja. Na anayeweza kungoja ni yule ambaye fedha zake hazina kazi nyingine.

Lakini msidhani kwamba kila anayengoja hulipwa. Mwaka 2017 kampuni ya Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa wananchi kwa Sh. 850 kila moja. Baadaye bei yake sokoni ilishuka chini ya hapo, na wengi walikaa nazo muda mrefu bila kuirudia bei waliyonunulia. Kungoja ni lazima, lakini kungoja peke yake hakutoshi.

NENO KWA VIJANA WENYE SIMU

Hapa nina neno kwa vijana wetu. Nimewaona wengine wakicheza biashara ya fedha za kigeni kwenye simu. Kampuni za biashara hiyo hukupa kwanza akaunti ya mazoezi, yenye dola nyingi za bure. Kijana anacheza wiki mbili, dola zinaongezeka, anasema, "Mama, uza mbuzi, nimeshajua."

Kijana wangu, jiulize. Kwa nini mtu akupe dola za bure za kuchezea? Ni kwa sababu anataka siku moja ulete za kwako. Tena biashara ile hukuruhusu kucheza na fedha nyingi kuliko ulizoweka, kwa hiyo bei ikisogea kidogo tu upande usioutaka, akiba yako yote inaweza kwisha kabla chai haijapoa.

Mwaka 2018 mamlaka inayosimamia masoko ya fedha katika Umoja wa Ulaya ilitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya biashara za namna hiyo. Katika kila akaunti 100 za watu wa kawaida, akaunti kati ya 74 na 89 zilipoteza fedha. Hao ni watu wa nchi zenye umeme wa uhakika na benki kila kona. Na huenda wengi wao waliwahi kushinda kwenye mazoezi.

Kabla hujampa mtu yeyote fedha zako, uliza leseni yake. Hapa nchini wanaosimamia biashara ya hisa na madalali wake ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Asiye na leseni, mwambie kwa heri.

SASA TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba hisa ni haramu au kwamba ni za matajiri tu. Mkulima naye anaweza kuwa na kipande cha kampuni. Ninachosema ni kwamba mchezo ulitufundisha kusoma soko. Haukutufundisha kuvumilia soko. Hilo hujifunzwa kwa fedha za kweli, na kwa sababu ada ya darasa hilo ni ghali, tuanze na darasa dogo.

Nina mapendekezo manne.

La kwanza. Fedha za mbolea zinunue mbolea. Shamba lisilowekwa mbolea msimu huu halitangoja bei ya hisa ipande.

La pili. Anayetaka hisa, na aweke fedha zake mwenyewe ambazo hazihitaji kwa miaka mitatu au mitano. Zisiwe za ada, wala za dawa, wala za mkopo. Tuseme ni Sh. 10,000. Hata wote 24 tukitoa, ni Sh. 240,000. Zikipotea zote tutanuna, lakini tutakula.

La tatu. Kila mwenye hisa aandike katika daftari, kabla ya kununua: Nanunua kwa sababu gani? Nitauza lini, au kwa sababu gani? Na baada ya kununua aongeze safu nyingine: Usiku huu nililala? Msicheke. Safu hiyo ya tatu ndiyo ambayo mchezo wetu haukuwa nayo.

La nne. Tuendelee na mchezo, lakini tuufanye ufanane zaidi na maisha. Tumlipe dalali katika daftari. Anayeuza angoje mpaka mwanakisomo mwenzake akubali kununua. Kila mwezi tuchanganye vikaratasi kwenye kofia: kimoja kimeandikwa "mtoto anaumwa", kingine "ada ya shule", kingine "msiba". Atakayekiokota ni lazima auze siku hiyo hiyo, bei iwe nzuri au mbaya. Na jembe tumpe aliyeweka daftari safi, tuache kumpa aliyepata fedha nyingi. Hata hivyo bado itakuwa bunduki ya mti. Tusisahau.

Ndugu Mwenyekiti, kura ni yenu, si yangu. Mimi mshahara wangu utakuja mwisho wa mwezi, mbolea iwepo isiwepo. Ninyi ndio mtakaosimama shambani mwezi wa pili mkiangalia mahindi. Kwa hiyo mtu asiinue mkono kwa sababu mwenzake alishinda jembe, wala asiushushe kwa sababu mimi nilipoteza Sh. 90,000. Kila mmoja afungue daftari lake, aangalie shilingi 150,000 zake, na ajiulize: shilingi hizi nilizitafuta kwa kazi gani?



MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mtu aliyepoteza Sh. 49,000 katika mchezo alicheka?

2. Mtu amenunua hisa za Sh. 80,000 na kuziuza kwa Sh. 83,000. Dalali hulipwa shilingi 2 katika kila 100, wakati wa kununua na wakati wa kuuza. Je, amepata faida au hasara? Kiasi gani?

3. Katika kijiji chako, ni mali gani yenye bei nzuri kwa maneno lakini mnunuzi wake hupatikana kwa shida?

4. Kama ungekuwa mwanachama wa kikundi hiki, ungepigaje kura? Toa sababu zako.